Aliyeshika Kibao

Mtaani kwao watu walipewa majina ya utani kwa ulevi, kwa vitambi au kwa midomo yao. Yeye aliitwa Timazi, kwa ile kamba yenye chuma kizito ambayo mwashi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Jina alilipata kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda bila kusimama na kumwambia mwenye ukuta. Alimwambia mganga wa zahanati kwamba mlango wake umelala kushoto. Alimwambia baba mkwe wake, siku ya kwenda kuposa, kwamba jiko lile la nje halitavuka mvua za mwaka ule, na kweli halikuvuka. Mkewe alizoea kusema kwamba ameolewa na mtu asiyejua kusema uongo hata ule wa adabu.

Mtu huyo huyo, Jumamosi hii, alikuwa siku ya kumi anatembea na barua isiyo yake. Ilikuwa chini kabisa ya mfuko wa zana, chini ya mwiko na pima maji, imefungwa kwenye kipande cha karatasi ya saruji. Ilikuwa barua ya binti yake. Mwisho wa kuitumia ni Jumatatu, na alikuwa hajampa.

Ili umwelewe, na ukishamwelewa umkasirikie vizuri, lazima turudi nyuma miaka sita, siku serikali ilipokuja na viti vya plastiki.

Eneo lile la pembezoni mwa mji, kuanzia bondeni hadi kwenye nguzo za umeme mkubwa, lilikuwa na nyasi, vijishamba, na nyumba mia moja na ushei za watu waliojijengea wenyewe, tofali kwa tofali. Wakubwa walisimama mbele ya watu hao wakasema kwamba eneo halijaendelezwa. Watu wakatazamana. Lakini kabla mtu hajauliza, ikafunguliwa ramani kubwa ya rangi, na kwenye ramani kulikuwa na chuo cha ufundi chenye karakana nane, viwanda vidogo vidogo vimejipanga, na barabara yenye taa pande zote mbili. Ajira elfu tatu, walisema. Nafasi mia nne za masomo kila mwaka, na za kwanza ni za watoto wa hapa hapa. Kila nyumba itakayopisha mradi itapewa kiwanja kingine chenye nyumba, na mtoto wake ataingia chuoni bila kupanga foleni.

Timazi alipiga makofi hadi viganja vikamwasha. Usimcheke. Mtu aliyeacha shule darasa la tano akabebe tofali, ukimwonyesha karakana itakayosimama pale pale anapofunga mbuzi wake, atapiga makofi tu.

Wiki iliyofuata wakaja wathamini na mpiga picha. Utaratibu ulikuwa hivi: namba inaandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, namba ile ile inaandikwa kwa chaki kwenye kibao cheusi, na mwenye nyumba anasimama mbele ya nyumba yake ameshika kibao kifuani, anapigwa picha. Yao ilikuwa namba sitini na tatu. Mpiga picha akamnyooshea Timazi kibao. Timazi akamtazama binti yake wa pekee, miaka kumi na minne, katoka shule, sare bado mwilini, na moyo ukamwambia jambo ambalo halikumjia mtu mwingine mtaa mzima: kwamba anayeshika kibao ndiye atakayepewa nafasi ya chuo. Akamvuta mtoto mbele, akamwekea kola sawa, akampa kibao.

"Mpige huyu," akasema. "Huyu ndiye mwenye nyumba wa kesho."

Majirani wakacheka, mpiga picha naye akacheka, akabonyeza. Timazi alisimama pembeni, nje ya picha, akijiona amewapiga bao wote.

Miaka miwili hakuonekana mtu. Bango la mradi likapauka, vigingi vya saruji vikamezwa na nyasi, na barabara yenye taa ikabaki mfereji mmoja uliochimbwa na greda siku mbili kisha ukaachiwa mvua. Hatimaye likaja gari la uhakiki, na ndipo sheria zikajulikana. Ya kwanza: nyumba ibaki kama ilivyokuwa siku ya picha. Hakuna kuongeza, hakuna kukarabati, maana serikali hailipi kitu ambacho haikukithamini. Ya pili: wahakiki watakuja bila taarifa, siku yoyote, kuona kama mhusika bado anaishi pale na hajahama wala kuuza. Asipokutwa anaandikiwa "hayupo". Hayupo tatu, namba inafutwa. Ya tatu haikutangazwa. Timazi aliigundua mwenyewe siku hiyo hiyo, mlangoni pake: mhusika ni yule aliye kwenye picha.

"Lakini mimi ndiye baba mwenye nyumba," alisema. "Huyu yuko shule. Leo ana mtihani."

"Aliyeshika kibao ndiye mhusika, mzee wangu," mhakiki akajibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. "Asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga walishasema, mimi naandika tu."

Na akaandika.

Timazi alikwenda ofisi ya mradi mara saba. Mara ya kwanza aliambiwa aandike barua. Mara ya pili aliambiwa barua igongwe muhuri. Mara ya saba aliambiwa kwamba marekebisho ya picha yatafanyika awamu ya pili, na alipouliza awamu ya kwanza inaisha lini, karani alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mzee," akamwambia, "hata sisi tunaisubiri."

Binti alimaliza sekondari. Mwaka uliofuata, Jumapili moja, wahakiki walikuja akiwa bombani, hatua mia mbili kutoka nyumbani. Alifika na ndoo kichwani akakuta vumbi la gari. Hayupo ya pili. Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, hakwenda bombani, hakwenda sokoni, hakwenda harusi wala msiba. Alikwenda chooni, na hata huko alikwenda mbio.

Kama kuna aliyedhani serikali inatania, alikuwapo mshonaji wa nyumba ya pili. Yule alikwenda kumzika dada yake, akakaa huko siku tatu, akarudi akakuta ameandikiwa hayupo ya tatu na namba yake imepigwa mstari. Aliendelea kuishi mle mle, maana hakukuwa na mradi wa kumtoa, lakini kila mtu alijua kwamba siku tingatinga litakapokuja, wengine watapakiwa na vyombo vyao na yeye atasimama barabarani na cherehani. Kila asubuhi Timazi akienda kazini alipita mbele ya namba ile, na kila asubuhi aliutazama ule mstari.

Mganga hajigangi. Fundi aliyejenga nusu ya kuta za mji ule alilala chini ya ufa ulioanzia dirishani ukapanda hadi kwenye kenchi za paa, na alikatazwa kuugusa. Mama yake mzazi, aliyehamia kwao mwaka mmoja baada ya picha, ndiye pekee aliyeona kichekesho chochote katika mambo yale. "Kwa serikali mimi sipo," bibi alikuwa akisema, akisogeza sahani yake mbele. "Lakini asiyekuwepo naye ana njaa. Niongezeeni."

Binti hakulalamika, na hilo ndilo lililomtia Timazi hofu kuliko yote. Aliweka meza chini ya dirisha akawa anatengeneza redio, pasi na simu za watu. Alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, kwa kuunguza na kuanza upya. Watu walimletea vitu kutoka mitaa ya mbali wakimwita Kibao, wengi wao bila kujua jina limetoka wapi. Alikuwa na miaka ishirini. Mikono yake ilikuwa ya baba yake, ile isiyotetemeka, na dunia yake yote ilikuwa meza ile na kiti.

Sasa, barua.

Ililetwa na shangazi mtu, dada yake Timazi, mpishi kwenye chuo cha ufundi cha mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi. Hicho kilikuwa chuo kilichokwisha kujengwa, chenye kuta na madawati na wanafunzi wanaolalamikia chakula chake. Yeye ndiye aliyemtumia binti fomu, yeye ndiye aliyeipeleka ilipojazwa. Alhamisi ile alikuwa safarini kwenda kumwangalia mkwe wake aliyejifungua, na basi lilisimama stendi nusu saa. Ng'ambo ya barabara Timazi alikuwa juu ya jukwaa anapiga lipu ukuta wa shule moja ya watu binafsi.

"Shuka, kaka," akamwita. "Sina muda."

Timazi alishuka, mikono imejaa saruji.

"Kachaguliwa," shangazi akasema. "Umeme. Miaka miwili, na bweni. Waliomba mia na hamsini, wamechukua ishirini. Aripoti kabla ya saa kumi jioni, Jumatatu ya tarehe kumi na nne. Asipofika wanampa wa akiba. Mimi nawapikia wale watu, nawajua, hawamsubiri mtu."

Timazi alijifuta mikono kwenye suruali mara mbili kabla ya kupokea. Alifurahi. Lazima hilo lisemwe, kwa sababu ni kweli: alifurahi, na kama angekuwa peke yake angelia. Kisha akakumbuka.

"Na uhakiki?"

"Uhakiki gani tena? Kaka, mtoto ana miaka ishirini."

"Akiondoka, wakija, ni ya tatu. Tunafutwa. Mama atalala wapi? Sisi tutalala wapi?"

Dada yake aligeuka kutazama stendi. Basi likapiga honi. "Mpe barua," alisema. "Hayo mengine mtayazungumza wote, mkiwa mmekaa. Lakini mpe." Akavuka barabara anakimbia, mkoba ukimgonga kiunoni.

Jioni ile alikusudia kumpa. Alikusudia kweli. Lakini karibu na nyumbani alikutana na mjumbe wa mtaa, ambaye hakuwahi kuwa na habari asiitoe kwa kunong'ona. Mjumbe akamvuta pembeni. Wahakiki wameonekana ng'ambo ya bonde, alisema, wanakwenda nyumba kwa nyumba, na wiki hii au ijayo watavuka. "Safari hii ndiyo ya mwisho," aliongeza, kama alivyosema safari zote.

Timazi akapiga mahesabu yake ya kifundi. Wakija kabla ya tarehe kumi na nne, watamkuta binti, wataandika, wataondoka, na saa hiyo hiyo atampa barua na kumsindikiza stendi. Nyumba imepona, mtoto kaenda, kila kitu kimesimama wima. Sasa kuna haja gani ya kumvuruga mapema? Akiipata barua leo ataondoka leo. Au, na hili lilimuuma zaidi, hataondoka. Ataisoma, ataikunja, atasema nawezaje kuwaacha, na atakuwa ameikataa kwa kinywa chake mwenyewe kwa ajili yao. Afadhali asijue kwa siku chache. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na alijiambia kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu.

Ijumaa hawakuja. Jumamosi hawakuja. Wiki mpya ikaanza, na kila jioni alirudi akitafuta alama za matairi kwenye vumbi. Siku moja alimkuta binti ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Wamekuja?"

"Hawajaja." Akaigeuza bisibisi mkononi. "Huko kazini hakuna habari yoyote?"

"Habari gani?"

"Habari tu."

"Hakuna," Timazi alisema. Neno lilimtoka jepesi, na alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Mkewe, aliyefua mashuka hospitalini zamu ya asubuhi na hakukosa kuona doa popote lilipo, alimtazama akila. "Una nini wewe? Unatafuna kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo."

"Kazi," alisema.

"Kazi unayo miaka yote, na ulikuwa unameza."

Basi tukafika kwenye ile Jumamosi ya siku ya kumi, na baada yake Jumapili. Jumapili Timazi alikaa nje, mfuko wa zana miguuni, akisikiliza kila gari lililopita barabara kuu. Jua lilikuwa kali na mtaa umetulia. Binti akatoka na beseni la maji na brashi.

"Baba, nikuoshee zana? Nimeona mwiko umeshika saruji."

Alishainama na mkono wake ulishagusa mdomo wa mfuko.

"Usiguse!"

Hakuwahi kumpazia sauti tangu azaliwe. Binti alirudisha mkono polepole, akabaki amechuchumaa, anamtazama. Hakuonekana kushtuka. Timazi baadaye aliukumbuka sana uso ule, kwamba haukushtuka.

"Kuna nini humo, yai?" bibi akauliza kutoka kwenye mkeka wake. "Mwache mtoto aoshe, zana zako zinanuka."

"Nitaosha mwenyewe."

"Sawa baba," binti akasema. Akaliacha beseni pale pale, akarudi mezani kwake.

Basi la mwisho ambalo lingemfikisha kwa wakati lilikuwa la Jumatatu alfajiri. Timazi, ambaye ndiye aliyekuwa akichota maji siku hizi kabla ya kwenda kazini, alikuwa bombani lilipopita, taa zote ndani zimewaka, watu wamejiegemeza kwenye vioo. Alisimama na ndoo yake hadi maji yakafurika yakamlowesha viatu. Alijua anachofanya. Tusimpunguzie hilo. Aliona basi, alijua ni lipi, na hakukimbia nyumbani.

Kutwa nzima akajipa moyo. Tarehe za serikali huvutika, alijiambia. Watu walioshindwa kujenga karakana moja kwa miaka sita watamfukuza mtoto kwa kuchelewa siku moja, mbili? Chuo ni chuo, kitakuwa na mkuu, mkuu atakuwa na watoto. Juu ya jukwaa alimwuliza mwenzake saa. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Aliendelea kupiga lipu hadi giza lilipoanza kuingia, na ukuta ulitoka wima, umenyooka, haukuwa na kasoro hata moja, na hilo lilimuudhi.

Jumanne saruji haikufika na mafundi wakarudishwa nyumbani. Timazi alikuwa anavua viatu mlangoni aliposikia gari. Hakuhitaji kutazama. Mtaa mzima ulijua mlio wa gari lile. Madirisha yalifunguka, watu wakakimbilia kwenye namba zao. Mshonaji wa nyumba ya pili ndiye pekee aliyefunga mlango.

Mhakiki safari hii alikuwa mwanamke, mwenye kofia pana na kishikwambi mkononi. Alisoma namba ukutani, akatelezesha kidole, akauliza aliyeshika kibao ni nani. Binti akatoka akiwa bado na kipande cha waya kati ya vidole.

Mwanamke akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. "Umekua," alisema.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne."

"Simama hapo hapo mlangoni. Usitabasamu, inakataa." Akampiga picha, akasubiri mashine ifikiri, kisha akatikisa kichwa kuridhika. "Amekutwa. Hongera, baba. Mnaendelea kuwemo."

"Hii ndiyo ya mwisho?" Timazi akauliza.

"Ya mwisho ya awamu hii."

"Na nyingine lini?"

"Hatutoi taarifa, baba. Tukitoa, itakuwa si uhakiki."

"Na chuo?"

"Mimi ni uhakiki tu," alisema, kwa upole, akishaanza kutembea kuelekea namba sitini na nne. "Ujenzi ni idara nyingine."

Lakini Timazi hakuwa na nafasi ya kukasirika. Kitu kilichomkalia kifuani siku kumi na mbili kilikuwa kimeondoka, na alijisikia mwepesi kama kijana. Bibi alikuwa anapiga makofi madogo madogo mkekani. Timazi aliukamata mfuko wa zana, akamwaga vyote chini, mwiko, pima maji, kamba, akaichukua ile karatasi ya saruji na kuifungua. Bahasha ilikuwa imepata vumbi kidogo pembeni. Akaipuliza. Binti alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, na baba yake alimwendea na kuitoa kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka zawadi ukweni.

"Yako, mama," alisema. "Shangazi yako aliileta. Umechaguliwa. Sasa nenda, wameshapita, hawawezi kurudi leo na kesho. Alfajiri tunakwenda wote stendi, mimi nitafika hadi huko chuoni niongee nao mwenyewe. Siku mbili tu. Nitawaambia kosa ni langu."

Binti aliipokea. Aliitazama mbele, aliitazama nyuma, hakuifungua. Akaiweka mezani karibu na redio, akainyoosha pembe iliyokunjamana.

"Nafasi imechukuliwa, baba," alisema. "Walimpigia wa akiba jana saa kumi na moja. Shangazi alinipigia leo asubuhi akaniambia."

"Shangazi alikupigia?"

"Alinipigia na ile Alhamisi. Alikuwa ndani ya basi, ananiambia hongera. Wewe ulikuwa hujafika nyumbani."

Bibi aliacha kupiga makofi. Timazi alibaki amesimama, mikono bado mbele yake, na siku zote kumi na mbili zikaanza kupita kichwani kwake moja moja, na katika kila moja alimwona mtoto huyu amekaa hapa anajua. Huko kazini hakuna habari yoyote. Nikuoshee zana. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, aibu ya kutaka kutoka nje ya ngozi yake.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema. "Ungeniomba tu. Mbona hukuomba?"

"Ningekuomba ungenipa."

"Sasa si ndiyo?"

"Ungenipa, ningekwenda, halafu wangekuja na kuwafuta," binti alisema. Alizungumza taratibu, anachagua maneno, kama anavyochagua skrubu. "Ingekuwa mimi ndiye niliyeomba. Kila nikimwona bibi ningekumbuka kwamba ni mimi. Nilitaka utoe mwenyewe. Ukitoa mwenyewe ningejua umekubali yote, na ningeondoka na roho safi. Begi nilifunga Ijumaa ile. Liko chini ya kitanda."

Bibi aligeuza uso akatazama ukuta.

Timazi alitamani akasirikiwe. Alitamani avunje redio, ampigie kelele, amwite mwongo mbele ya mtaa mzima. Hayo angejua kuyabeba. Lakini binti yake alikaa tu pale na uso wake mtulivu, na alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza Timazi aliona kwamba si mtoto tena na hatakuwa tena.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Nimekusamehe."

Alisema haraka, na kwa kweli, na haikumsaidia chochote.

"Mwaka kesho watachukua wengine," binti akaendelea. "Shangazi amesema atanitumia fomu tena, na nimekubali. Sitamwambia anipigie. Barua atakuletea wewe, kama mara hii." Akamwinulia macho. "Ikija, baba, utanipa?"

Timazi alifungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa fupi na alikuwa analitaka kwa moyo wake wote. Lakini mbele yake alimwona mama yake amekalia godoro kando ya barabara, na mkewe na masufuria yake, na lile gari linakuja siku isiyojulikana, mwaka usiojulikana, na kiti hiki hakina mtu. 

Binti alimngojea. Alimpa muda wa kutosha, hakumharakisha. Kisha akaivuta redio ya watu karibu, akachukua bisibisi, akaendelea na kazi.